Zoom H1n mikononi mwa mwanafunzi: tathmini ya kinasa sauti kwa klabu za habari za sekondari

Tathmini nyingi za vinasa sauti huandikwa na watu wanaorekodi muziki au wanaotengeneza video, na maswali yao si yale anayojiuliza mwalimu mlezi wa klabu ya habari katika shule ya sekondari. Mlezi anataka kujua kama kifaa kitamsaidia mwanafunzi awe mwandishi bora wa habari za redio, au kitaishia kabatini pamoja na vifaa vingine vilivyonunuliwa kwa shauku na kusahauliwa muhula uliofuata. Zoom H1n tumeitumia na klabu yetu hapa Ilemela, Mwanza, kwa muda wa kutosha kuniwezesha kulijibu swali hilo, na nitalijibu kwa kufuatilia kazi za mwanafunzi mmoja, binti aliyekuwa kidato cha pili alipokishika kinasa hiki kwa mara ya kwanza na ambaye sasa ndiye mhariri wa klabu. Jina lake silitaji kwa kuwa bado ni mwanafunzi. Kazi zake ninazieleza kwa sababu ndizo kipimo ninachokiamini.

Kifaa chenyewe kilianza kuuzwa mwaka 2018, kikichukua nafasi ya H1 ya awali. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na bila betri uzito wake ni kama gramu 60 tu. Juu yake kuna maikrofoni mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90, zikiwa ndani ya kizimba kidogo cha kinga, ili moja ichukue sauti za upande wa kushoto na nyingine za kulia. Chini ya maikrofoni kuna kirungu cha duara chenye namba kuanzia 0 hadi 10, ambacho hupandisha na kushusha kiwango cha sauti inayoingia. Kisha kuna kioo kidogo kinachoonyesha mistari ya sauti ikicheza, na katikati kitufe kikubwa cha kurekodi. Kinatumia betri mbili ndogo za AAA, zile za rimoti, ambazo zinapatikana karibu kila duka la mtaani, na kinahifadhi sauti kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu isiyozidi GB 32. Kuna tundu la hedifoni na tundu la maikrofoni ya nje. Hakina mambo mengi zaidi ya hayo ambayo mwanafunzi atayahitaji, na kwa matumizi ya shule ninahesabu hilo kuwa sifa.

Wapo watakaouliza kwa nini shule inunue kinasa sauti ilhali simu ya kawaida inarekodi. Jibu la kwanza ni la kanuni: wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na mlezi anayempa mwanafunzi simu yake binafsi ili akarekodi anampa pia ujumbe wake, picha zake na namba za watu wake. Kinasa sauti hakipigi simu na hakifungui mitandao, kwa hiyo kinaweza kukabidhiwa kwa mwanafunzi kwa kusainiwa kwenye daftari kama vile kitabu cha maktaba, na mkuu wa shule akalala usingizi. Jibu la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Simu hupanga kiwango cha sauti yenyewe bila kumwuliza anayerekodi, na kwa kawaida mwanafunzi huishika kama anayepiga picha, macho yakiwa kwenye kioo. Kinasa hiki kinamtaka avae hedifoni, azungushe kirungu, asogee, kisha asikilize kwanza kabla ya kubonyeza. Mafunzo yote ya utangazaji wa habari ambayo nimemwona binti huyu akiyapata yamepitia katika tendo hilo la kusikiliza.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa taarifa za paredi. Klabu yetu ilikuwa na dakika chache za habari kwenye spika ya shule kila Ijumaa asubuhi, na watoto walizijaza kwa lugha waliyoizoea kuisikia kwenye taarifa za matukio rasmi: mgeni rasmi alisema, aliwataka, alisisitiza, alimalizia kwa kuwashukuru. Yeye alikuwa na sauti nzuri na alisoma bila kukwama, hivyo kila mtu alimsifu, na sifa hizo nusura zimfungie hapo hapo. Katika taarifa zake hakukuwa na sauti ya mtu mwingine yeyote. Alipopewa kinasa sauti akaenda kumhoji mpishi wa shule kuhusu kuni na majiko, alirudi na faili la dakika kadhaa ambamo yeye ndiye aliyezungumza zaidi ya nusu ya muda, na mpishi akajibu “ndiyo”, “ni kweli”, “kabisa mwanangu”. Alipoyasikiliza mahojiano hayo kwa hedifoni hakusubiri kuambiwa kitu. Alinyamaza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akaniomba ruhusa ya kurudi jikoni.

Niliona hapo faida ambayo maelezo ya kiwandani hayawezi kuitaja. Kinasa hiki kinachukua sauti iliyo karibu kwa uwazi mkubwa sana, kiasi kwamba makosa ya anayehoji yanasikika yote: kumkatiza mtu, kumjibia, kusema “mmh” kila baada ya neno, kuuliza maswali matatu kwa mpigo. Mwalimu anaweza kuyasema hayo darasani kwa mwaka mzima na mwanafunzi akayaandika daftarini bila kuyaamini. Akijisikia mwenyewe ndani ya hedifoni anaamini mara moja.

Kazi ya kwanza ya nje ya geti ilikuwa Mwaloni, pale Kirumba. Sikumpeleka huko kwa sababu ni rahisi, maana si rahisi. Soko hilo la samaki lina kelele za kila namna tangu alfajiri: wabeba mizigo wanaoomba njia, magunia ya dagaa yanayotupwa kwenye mizani, injini za mitumbwi, redio za vibandani, na wanunuzi wanaotoka hadi nchi jirani kwa ajili ya dagaa wakavu. Anayerekodi hapo akiwa amesimama mbali anarudi na mvumo tu. Kirungu cha kiwango cha sauti kilimfundisha hesabu ambayo kila mtangazaji wa habari za nje anapaswa kuijua, yaani kwamba ukiongeza kiwango ili umsikie mtu aliye mbali, umeongeza na kelele zote zilizo kati yako naye. Dawa ni kusogea. Weka kifaa umbali wa shubiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isigonge maikrofoni, kisha shusha kiwango hadi sauti ya juu ya msemaji iguse karibu na desibeli 12 chini ya kikomo cha kipimo kinachoonekana kwenye kioo, na soko lote litarudi nyuma yake bila kupotea. Kuna kitufe cha kuzuia sauti isipasuke iwapo mtu atapaza ghafla, na katika soko kama lile ninashauri kiwashwe muda wote. Kuna pia kitufe cha kifaa kujipangia kiwango chenyewe, nacho ninashauri kizimwe, kwa sababu msemaji akinyamaza kidogo kifaa hukimbilia kupandisha kelele za nyuma, na msikilizaji anahisi soko linamrukia.

Kusogea karibu kuna maana nyingine ambayo hatukuipanga. Huwezi kumsogezea mtu mzima kifaa hadi shubiri moja kutoka mdomoni bila kumwamkia, bila kueleza unatoka wapi na unataka nini, na bila kungoja akukubalie. Binti huyu aliyezoea kusimama mbele ya paredi na kusoma, alilazimika kuinama, kusema “Shikamoo mama”, kuongeza “mwangaluka” kwa Kisukuma pale alipoona mama hajamzoea, na kukiwasha kifaa baada tu ya kuelezana. Wakati mwingine alikataliwa. Akaondoka kwa adabu, akajaribu kwa mwingine, na ninaamini alijifunza zaidi kwa waliomkataa kuliko kwa waliomkubali.

Makala yake ya kwanza iliyosimama yenyewe ilihusu akina mama wanaoanika dagaa ufukweni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hupumzika kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti tena kama unavyovuta gizani. Asubuhi dagaa hushushwa na kuanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja vya nyavu vinavyowaepusha na mchanga na kuwaruhusu wakauke kwa hewa ya juu na ya chini. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo huharibika na bei huporomoka. Yote hayo aliyajua kabla ya kwenda, kwa sababu ndugu zake wamo katika biashara hiyo, na rasimu yake ya kwanza iliyaeleza vizuri sana kwa maneno yake mwenyewe, ikiwa na neno “changamoto” karibu katika kila sentensi. Aliporudi kwa mama mmoja alibadili namna ya kuuliza. Hakuuliza tena, “Je, mvua ni changamoto kwenu?” Alisema, “Mama, nieleze jana mvua ilipoanza ulifanya nini.” Mama yule akaeleza alivyoita watoto, alivyovuta turubai, alivyoamua aokoe kichanja kipi na akiache kipi. Maelezo hayo yana sauti yake ikipanda na kushuka, na nyuma yake kuna mchakacho wa dagaa wakavu wanaokusanywa kwa mikono na kumiminwa ndoo, sauti kavu na nyembamba ambayo maikrofoni hizi mbili ziliipata kwa usahihi uliotushangaza sote. Rasimu ya pili haikuwa na neno “changamoto” hata mara moja, na msikilizaji aliielewa changamoto yenyewe.

Ukiniuliza kinasa kilichangia nini hapo, nitasema kilichangia kurudia. Kina spika ndogo mgongoni, na binti huyu alikuwa na desturi ya kumrushia mama aliyehojiwa sehemu ya mazungumzo papo hapo ili ajisikie. Wengi walicheka, kisha wakasema, “Hapo sijasema vizuri, ngoja nirudie,” na mara nyingi waliporudia walisema jambo jipya kabisa. Desturi hiyo si ya vyombo vikubwa vya habari, na ipo hoja kwamba inampa anayehojiwa nafasi ya kujipamba. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuwaheshimu watu anaowarekodi, mimi ninaipendekeza.

Nije kwenye upepo, ambao kwetu huku ndiyo adui wa kwanza wa kurekodi nje. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani huja kuijaza nafasi yake, kwa hiyo kuanzia saa za mchana ufukwe mzima wa Mwanza hupata upepo wa ziwa. Maikrofoni za H1n ni nyepesi kuhisi, na upepo hata ule mdogo huzigonga kwa mvumo unaofunika maneno. Sponji nyepesi husaidia ndani ya chumba dhidi ya pumzi ya msemaji, lakini ufukweni haitoshi. Kinachosaidia ni kofia ya manyoya marefu, na kwa kuwa kofia za dukani ni ghali na hazipatikani kirahisi hapa mjini, wanafunzi walimpelekea fundi cherehani kola ya manyoya ya jaketi la mtumba, akaishona kwa kipimo cha kichwa cha kifaa. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kifaa kina pia kichujio cha mivumo mizito, chenye viwango vya hezi 80, 120 na 160, na kwa mahojiano ya kwenye kivuko au karibu na injini ya mtumbwi kiwango cha 120 hupunguza ngurumo bila kuifanya sauti ya mwanaume mzima ionekane nyembamba. Kiwango cha 160 ninakiona kinakula sauti za wazee, na nisingekitumia ila pale ambapo hakuna namna nyingine. Ushauri bora kuliko vyote ni kurekodi asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Uhariri tunaufanya kwa Audacity, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2000 na ambayo inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu za maabara ya shule. Kinasa kikiunganishwa kwa waya wa USB, kadi yake hufunguka kama diski ya kawaida, na hakuna cha ziada cha kusakinisha. Kwa kurekodi tunatumia muundo wa WAV, yaani sauti isiyobanwa, wa kilohezi 44.1 na biti 16, ambao hula takriban MB 10 kwa dakika, hivyo kadi ya GB 32 inabeba karibu saa 50. Kazi ikishakamilika tunaigeuza kuwa MP3 ya kilobiti 128, ambayo ni kama MB 1 kwa dakika, nyepesi ya kutosha kutumwa kwa simu ya mwalimu bila kumaliza bando. Ninazitaja namba hizi kwa sababu klabu nyingi hurekodi moja kwa moja kwa MP3 zikidhani zinaokoa nafasi, ilhali nafasi ipo tele, na sauti iliyobanwa mara mbili huchakaa.

Ni katika uhariri ndipo nilipoona mabadiliko makubwa kuliko yote. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, wakazi wa Mwanza huwakumbuka waliofariki katika ajali ya MV Bukoba ya mwaka 1996, meli iliyozama karibu kabisa na kufika Mwanza, na marehemu wengi walizikwa Igoma, hapa hapa jijini. Binti huyu hakuwa amezaliwa. Aliomba kutengeneza makala fupi ya kumbukumbu, na baada ya idhini ya mkuu wa shule alimhoji mzee mmoja aliyempoteza ndugu yake. Alimwuliza alipata habari akiwa wapi. Mzee akaanza kujibu, akafika mahali akasita, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaendelea kwa sauti ya chini kuhusu kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi ile. Katika rasimu ya kwanza ule ukimya ulikuwa umekatwa. Binti alikuwa ameufanyia kile tulichomfundisha: alitafuta mapengo, akayaondoa, akaunganisha maneno na maneno, na makala ikawa safi na fupi.

Tuliisikiliza pamoja. Yeye ndiye aliyesema kwamba mzee anasikika kama mtu anayesoma. Akafungua faili la asili, akausikiliza ule ukimya tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake kulikuwa na pumzi ya mzee, kuku kwa mbali, na mlio mdogo wa kiti. Akaurudisha karibu wote, akapunguza mwisho wake kidogo, na akafuta sentensi zake mbili za utangulizi ambazo zilikuwa zinaeleza jinsi mzee alivyokuwa na huzuni. Hapo alikuwa mhariri. Uamuzi wa kujiondoa yeye mwenyewe ili msikilizaji abaki na mzee ni uamuzi ambao nimewasikia watangazaji wenye miaka mingi kazini wakishindwa kuufanya. Kifaa hakikumfanyia uamuzi huo, lakini kilimhifadhia ukimya huo ukiwa na uhai ndani yake. Kinasa duni chenye kelele za umeme kwenye saketi kingempa mvumo wa “shhh” mahali pa pumzi na kuku, na angekuwa na haki ya kuukata. Kelele za ndani za H1n zipo, na mtu anayerekodi ndege msituni atazilalamikia, ila kwa mazungumzo ya karibu hazisumbui.

Makala aliyoifanya hivi karibuni inahusu Kigongo. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria kati ya Kigongo na Busisi, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na vyombo vya habari vilieleza, kwa haki kabisa, namna linavyowaondolea wasafiri foleni ya kivuko. Yeye aliuliza swali la upande wa pili: foleni ile ilikuwa imelisha watu gani, na sasa wako wapi? Akazungumza na waliokuwa wakiwauzia wasafiri mahindi ya kuchoma, samaki na maji wakati magari yakisubiri. Baadhi walifurahia daraja na biashara yao kuhamia barabarani, wengine walisema wazi kwamba kipato kimeshuka, na mmoja alisema yote mawili ndani ya pumzi moja. Makala haikumlaumu mtu na haikulipinga daraja. Ilianza na sauti ya magari yakipita bila kusimama, aliyoirekodi akiwa kando ya barabara, na kwa kuwa maikrofoni zinagawa kushoto na kulia, msikilizaji mwenye hedifoni analisikia kila gari likitoka sikio moja kwenda jingine. Kutoka “mgeni rasmi alisema” hadi swali hilo ni safari ndefu, na ukimwuliza yeye mwenyewe atakuambia alianza kuwaza hivyo siku alipoanza kusikiliza kwanza na kuandika baadaye.

Kasoro zipo na mnunuzi azijue. Mwili wa kifaa ni wa plastiki, na kila kidole kinachosogea juu yake kinasikika kwenye sauti kama mkwaruzo, kwa hiyo mwanafunzi lazima afundishwe kukishika kwa utulivu, au kifungwe kwenye mguu mdogo wa kamera kupitia tundu la skrubu lililo mgongoni. Maikrofoni zenye waya mnene wa studio haziingii. Betri za kawaida za bei nafuu hazifikii zile saa 10 ambazo mtengenezaji anazitaja kwa betri za alkalini, na mwanafunzi anayekwenda Ukerewe au Sengerema kwa siku nzima abebe jozi nyingine mfukoni. Kadi za kumbukumbu ndizo zenye hatari kubwa kuliko kifaa chenyewe. Tuliwahi kuuziwa mjini kadi iliyoandikwa GB 32 ambayo ndani haikuwa na hata robo ya nafasi hiyo, na mafaili yaliyozidi yalionekana kuwepo lakini hayakufunguka. Tangu hapo kila kadi mpya tunaijaza mafaili hadi mwisho na kuyafungua yote kabla haijakwenda kazini. Jambo dogo lenye uzito wake ni kwamba faili hupewa namba tu, hivyo bila daftari la kuandika namba, jina la aliyehojiwa, mahali na idhini yake, baada ya wiki moja hakuna atakayejua sauti ile ni ya nani.

Kuhusu toleo jipya la H1essential lililotoka mwaka 2024, tofauti yake kubwa ni kwamba linarekodi kwa biti 32 za nukta elea na halina kirungu cha kiwango cha sauti, kwa kuwa sauti iliyo kubwa mno au ndogo mno huweza kurekebishwa baadaye bila kupasuka. Kwa mtu anayerekodi peke yake tukio lisilojirudia, hilo ni jambo la thamani. Pia lina maelekezo ya sauti yanayomsaidia asiyeona, na shule yenye mwanafunzi wa aina hiyo isisite kulichagua. Lakini kwa anayeanza kujifunza, mimi bado ninaegemea H1n na kirungu chake. Teknolojia mpya inaokoa kiwango kilichokosewa. Haiwezi kuokoa umbali uliokosewa, wala upepo, wala swali baya, na mwanafunzi ambaye hakuwahi kulazimika kupanga kiwango huchelewa kugundua kwamba tatizo lake lilikuwa ni kusimama mbali. Kama H1n haipatikani tena katika duka unalolitegemea, iliyotumika lakini yenye tundu zima la hedifoni na kirungu kisicholegea inafaa kabisa. Ivalie hedifoni dukani na uzungushe kirungu polepole, ukisikia mkwaruzo katika kuzunguka, iache.

Shule isiyo na klabu inayokutana kwa ratiba isikinunue kwanza. Ianze na mwalimu mmoja mwenye saa moja kwa wiki, spika ya paredi, na makubaliano ya maandishi na mkuu wa shule na wazazi kuhusu wapi watoto wanaweza kwenda kurekodi na nani atakayeandamana nao, kwa sababu mtoto mwenye kinasa sauti sokoni ni mtoto bado, na wapo watu wazima watakaomfokea. Shule ambayo tayari ina hayo yote itapata katika kifaa hiki mwalimu msaidizi asiyechoka. Wanaosoma uandishi wa habari vyuoni, pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, na kwingineko, wengi hukutana na kazi ya kunasa na kuhariri sauti kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, na sioni kwa nini kijana wa kidato cha tatu angoje hadi hapo.

Baada ya kifaa, kadi iliyojaribiwa na kofia ya manyoya, fedha inayofuata ninashauri inunue hedifoni ya pili pamoja na kigawanyio cha kuziunganisha zote mbili kwenye tundu moja, ili aliyerekodi na anayehariri wasikilize faili hilo hilo kwa wakati mmoja. Katika klabu yetu mabishano yote yenye manufaa kuhusu nini kikatwe na nini kibaki yalianza siku tuliyokinunua kigawanyio hicho.